Siamini, sijui, haijulikani: barua kwa mwanangu

Lindi

Mwanangu mpendwa,

Ama baada ya salamu, huku sote wazima. Bibi yako anakusalimu sana na anauliza kama unakula vizuri. Kaka yako naye mzima, ila amenuna, na sababu unaijua.

Umemwandikia kwamba wewe si mkana Mungu, wewe ni agnostiki tu, yaani mtu anayesema hajui kama Mungu yupo. Yeye akakujibu kwamba ni yale yale. Kila mmoja wenu ameshika kipande cha kweli na hataki kutazama cha mwenzake. Nimechukua kalamu kwa sababu kwa simu tungekatizana. Sikuandikii ili nikurudishe msikitini kwa fimbo, wala nikusifu kwa kutoka. Mimi naamini, unalijua hilo. Lakini neno ulilolichagua lina kazi yake maalumu, na sipendi uligeuze kuwa pa kujifichia.

Kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. "Unaamini kwamba Mungu yupo?" linakuuliza kama umelikubali dai hilo moyoni au hujalikubali. "Unajua kwamba yupo?" linakuuliza kama unao ushahidi wa kutosha kumfanya mtu mwingine mwenye akili timamu akubali. Ukanamungu ni jibu la swali la kwanza. Uagnostiki ni jibu la swali la pili. Kwa hiyo kaka yako akikuuliza "unaamini?" nawe ukajibu "sijui", hujamjibu, umejibu swali ambalo hajauliza. Anaona unakwepa, na kwa kweli unakwepa.

Maswali yakiwa mawili, majibu huoana kwa namna nne. Yupo anayeamini na kudai kwamba anajua. Yupo anayeamini huku akikiri kwamba jambo hili halithibitishiki. Yupo asiyeamini na asiyedai kujua lolote. Na yupo asiyeamini, tena anayesema anajua kwa hakika kwamba hakuna Mungu. Nadhani wewe umo katika kundi la tatu, na kundi hilo hubeba majina yote mawili kwa mpigo: mtu huyo hana imani, hivyo kwa maana pana anahesabiwa pamoja na wakanaji, hana pia ujuzi wa jambo hilo, hivyo ni agnostiki. Hapo kaka yako amepatia. Alipokosea ni kudhani kwamba kila agnostiki yumo humo. Kundi la pili nalo lina watu wake, na wengine si wadogo. Mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant, katika dibaji ya chapa ya pili ya kitabu chake kikubwa kuhusu mipaka ya akili, mwaka 1787, aliandika kwamba ilimbidi auondoe ujuzi ili aipishe imani. Kwa swali la ujuzi alijibu "haiwezekani". Kwa swali la imani hakuwa mkanaji.

Ila usije ukamwambia shehe kwamba hata yeye ni agnostiki kwa kuwa humaliza fatwa yake kwa "Wallahu aalam". Vijana hupenda hoja hiyo, nayo ni mbovu. Anayesema Mungu ndiye ajuaye zaidi anakiri kutojua kwake, lakini papo hapo anathibitisha kwamba ajuaye yupo. Imam Malik, mwanachuoni mkubwa wa sheria ya Kiislamu, alisifika kwa kutamka "sijui" bila haya mbele ya watu waliosafiri mbali kuja kumuuliza, wala hakuwa na shaka yoyote na Mola wake. Sijui yake ilihusu hukumu. Yako inahusu kuwepo kwa mwenye kuhukumu.

Nikutahadharishe pia kwamba mgawo huu wa maswali mawili si kila mtu anaukubali. Wanafalsafa wengi wa vyuoni hutumia mgawo wa watatu: anayesema Mungu yupo, anayesema hayupo, na anayezuia hukumu; huyo wa tatu pekee ndiye wanayemwita agnostiki, na mkanaji kwao lazima awe anadai kitu. Mwanafalsafa Mwingereza Antony Flew ndiye aliyetetea kwa nguvu, mwaka 1972, kwamba neno mkanaji limtoshe hata yule asiye na imani tu bila kudai lolote, na kwamba mzigo wa ushahidi uwe juu ya anayesema yupo. Ugomvi mwingi unaousoma mtandaoni unatokana na watu wawili, mmoja anatumia maana ya Flew na mwingine ile ya vyuoni, na hakuna aliyetangulia kusema anatumia ipi. Kwenye insha ya chuo tumia mgawo wa watatu na uueleze katika aya ya kwanza. Nyumbani tumia maswali mawili, maana ndiyo kaka yako atakayokuuliza.

Sasa sikia kilichomkasirisha hasa. Ulimwandikia "siamini kama Mungu yupo". Katika mazungumzo yetu, mtu akisema "siamini kama basi litakuja leo", anamaanisha anadhani halitakuja. Kaka yako akasikia "naamini hayupo". Kimantiki hayo ni mambo mawili. Fikiria ghala la chama cha msingi msimu wa korosho. Mkulima anasema mzigo wake ni daraja la kwanza. Mnunuzi ambaye hajaona sampuli ikikatwa hasemi ni daraja la kwanza, wala hasemi ni la pili. Kutolikubali neno la mkulima bado si kumwita mwongo.

Na hao wanaosema "sijui" pale ghalani ni wa aina mbili. Mmoja anasubiri kisu: korosho zikikatwa na kiini kikapimwa, jibu litapatikana. Mwingine anasema korosho hizi hazikatwi na kisu chochote tulicho nacho wala tutakachokuwa nacho. Wa kwanza ana uagnostiki dhaifu: sijui mimi, kwa sasa. Wa pili ana uagnostiki mkali: haijulikani, na hatatokea wa kujua. Watu huanzia kwa wa kwanza, wakateleza hadi kwa wa pili bila kuona kwamba wamebadili dai. Dai la pili ni zito sana. Linataka uchore mpaka wa akili za binadamu wote, waliopita na watakaokuja, na uonyeshe kwamba hakuna awezaye kuuvuka. Protagoras, mwanafalsafa Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, alijizuia asifike huko: alisema kwamba yeye hawezi kujua kama miungu ipo au haipo, na katika vizuizi akataja ugumu wa jambo lenyewe na ufupi wa maisha ya mtu. Ningekushauri uishie hapo alipoishia.

Jina lenyewe ni changa kuliko fikra. Alilitunga Thomas Henry Huxley, mwanabiolojia wa Uingereza, mwaka 1869, katika jumuiya ya wasomi wa London ambamo kila mmoja alikuwa na jina la msimamo wake, yeye hana. Lakini tazama alichokuwa amekwisha kuandika miaka tisa nyuma. Septemba 1860 alifiwa na mwanawe wa kwanza, mtoto ambaye hata miaka minne hajatimiza. Kasisi rafiki yake, Charles Kingsley, alimwandikia kumpa pole. Huxley akamjibu tarehe 23 kwamba uhai baada ya kifo haukani wala hauthibitishi: haoni sababu ya kuuamini, na hana njia ya kuubatilisha. Mtu yumo msibani, anayempa pole ni rafiki, na bado anapima maneno kiasi hicho. Ukitaka kujua uagnostiki ni nini, anza na barua ile.

Mwaka 1889 alieleza kwamba hakukusudia itikadi, bali njia ya kufikiri yenye pande mbili: ifuate akili hadi pale itakapokufikisha; na usidai kwamba una yakini na jambo lisilothibitishwa au lisilothibitika. Kwa maana hiyo agnostiki anaweza kabisa kuwa na rai. Anachokatazwa ni kuivisha rai mavazi ya yakini. Wewe umesema unapenda neno hilo kwa sababu "linakuacha huru usiseme chochote". Huxley angekushangaa.

Kuhusu tuhuma ya kaka yako, haikuanza kwake. Mwaka 1879 Charles Darwin aliandika katika barua kwamba jina agnostiki ndilo linaloielekea zaidi hali ya mawazo yake. Septemba 1881 wakanaji wawili, Edward Aveling na Ludwig Büchner, walialikwa kula nyumbani kwake, naye akawauliza kwa nini wanajiita hivyo. Kwa masimulizi ya Aveling mwenyewe, walimjibu kwamba agnostiki ni mkanaji aliyevaa heshima, na mkanaji ni agnostiki aliyekuja kwa shari. Mwaka 1892 Friedrich Engels, mwenzake Karl Marx, akauita uagnostiki uyakinifu wenye haya, yaani fikra ya kwamba kilichopo ni maada tu, ila inaona haya kujitaja. Ukiweka kando kejeli, pana jambo la kweli hapo. Charles Bradlaugh, mkanaji mashuhuri kuliko wote Uingereza enzi hizo, aliandika kwamba mkanaji hasemi "hakuna Mungu". Husema "sijui unamaanisha nini unapomtaja Mungu". Kwenye karatasi yeye na Huxley wamekaribiana mno. Lakini Bradlaugh alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 1880 na hakuruhusiwa kukaa kitini kwa amani hadi 1886, kwa ugomvi juu ya kiapo cha wabunge, wakati Huxley aliheshimiwa hadi kufa kwake. Basi jiulize bila kujionea haya: umelichagua neno hili kwa sababu ni sahihi, au kwa sababu ni jepesi kulitamka mbele ya bibi? Sababu ya pili si dhambi. Ila ijue.

Nakuja kwenye kosa ambalo naliona kubwa kuliko yote, nalo ni lenu nyote wawili. Mnayabandika majina haya kwa mtu, ilhali yanabandikwa kwenye dai. Ukiniambia "mimi ni agnostiki" nitakuuliza: kwa Mungu yupi?

Chukua Tendaguru, hapa hapa mkoani kwetu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walifukua pale zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosau, wapagazi wa huku wakaibeba hadi bandari ya Lindi, na mmoja wa dinosau hao leo amesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin, urefu zaidi ya mita 13 kwenda juu. Wanyama hao waliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Mtu akikuambia kwamba mmoja bado yu hai, anatembea msituni Tendaguru, utasema "sijui, haijathibitishwa kwamba hayupo"? Hapana. Utasema hayupo, na utakuwa na haki, kwa sababu mnyama wa tani nyingi namna hiyo angeacha nyayo, kinyesi na miti iliyovunjwa, na watu wa vijiji vya jirani wangekuwa wamemwona. Pale ambapo alama zilipaswa kuonekana, kukosekana kwake ni ushahidi. Mtu huyo akibadili, akasema ni dinosau asiyeonekana, asiyegusika, asiyeacha alama yoyote, hapo huwezi tena kumkanusha kwa nyayo. Lakini dai lake nalo limebadilika.

Madai ya kuwepo kwa Mungu au miungu hutofautiana vivyo hivyo. Mganga anayedai kwamba pepo wake huleta mvua siku tatu baada ya kafara ametoa dai lenye alama. Hesabu siku, angalia mvua. Muumba aliyeanzisha ulimwengu kisha asiingilie tena hana alama ya kutafutwa kwa namna hiyo. Kwake "sijui" ina nafasi halali. Mungu anayejibu dua, anayetuma mitume na kuteremsha vitabu yuko kati ya hao wawili, na huko ndiko mabishano mazito yalipo, kwa sababu watu hawaafikiani ni alama ipi ingetarajiwa. Basi mtu mmoja anaweza kumkana pepo wa mvua, akawa agnostiki kwa Muumba wa mbali, na akashindwa kujiamulia juu ya huyu wa tatu. Mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell alilisema karibu na hili mwaka 1947: mbele ya wanafalsafa watupu angejiita agnostiki kwa kuwa hana uthibitisho wa mwisho, lakini kwa mtu wa kawaida mtaani angejiita mkanaji, kwa sababu hana pia uthibitisho kwamba miungu ya Wagiriki wa kale haipo, na hakuna anayeihesabu kuwa na uwezekano wa maana. Mimi nawe sote ni wakana Zeus, mkuu wa miungu hiyo, wala hatusemi ni maagnostiki kwake.

Kutokana na hilo, usihesabu kwamba "sijui" ni nusu kwa nusu. Kutojua hakugawi uwezekano sawasawa. Unaweza kukosa uthibitisho na bado ukaona upande mmoja ni mzito mara mia. Ukizuia hukumu, sema pia umeegemea wapi na kwa nini. Asiyesema hivyo hujikuta amewekwa katikati na watu wasiomjua.

Wala usidhani hoja hizi zimekuja kwa meli kutoka London. Aya ya 24 ya Surat al-Jathiya inawataja waliosema kwamba hakuna ila uhai huu wa dunia na kwamba hakiwaangamizi ila dahari, yaani wakati. Jibu linalotolewa pale ni kwamba hawana elimu ya hayo, wanadhani tu. Soma vizuri: lawama imelenga dai la kujua. Vitabu vya ilmu ya kalam, yaani elimu ya hoja za itikadi, vinawataja pia walaadria, watu wa "sijui", kama kundi linalojitegemea lililoshuku ujuzi wote, mbali na hao wa dahari. Na al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika kitabu chake cha kujikomboa kutoka upotofuni jinsi alivyoshuku milango ya fahamu, kisha akaishuku akili yenyewe, akakaa hivyo karibu miezi miwili. Anasema alitoka humo kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake, bila kupangiwa dalili. Kwa hiyo ukienda kwa ustadhi, mwambie wazi kama ulicho nacho ni wasiwasi unaokujia na kuondoka, au ni msimamo uliotulia. Wasiwasi una hadithi yake: masahaba walilalamika kwamba wanapata nafsini mambo wasiyothubutu kuyatamka, wakaambiwa hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Msimamo uliotulia una hukumu nyingine kabisa. Ukivichanganya utajibiwa jambo ambalo hukuuliza.

Kuna sehemu moja ambayo uagnostiki hauwezi kukusaidia. Hukumu huzuilika, kitendo hakizuiliki. Alfajiri ikiadhiniwa ama unaswali ama huswali; hakuna rakaa ya katikati. Mwanahisabati Mwingereza William Clifford alishikilia mwaka 1877 kwamba ni kosa kuamini bila ushahidi wa kutosha. Mwanafalsafa Mmarekani William James akamjibu mwaka 1896 kwamba mambo mengine hayasubiri, na kutochagua nako ni kuchagua. Wasome wote wawili. Mimi niko na James, wala hilo lisikushangaze.

Ya dunia nayo yana utaratibu wake. Katiba, ibara ya 19, inakupa uhuru wa imani na wa kuibadili, na sensa zetu haziulizi dini tangu ile ya 1967. Hakuna sheria ya nchi inayomwadhibu mtu kwa kutoamini. Kanuni ya Adhabu inamwadhibu anayetamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mwingine. Kwa hiyo kusema "siamini" ni jambo moja, kuingia kwenye kundi la ukoo ukaanza kukebehi mtume wa mtu ni jingine. Mahakamani huna haja ya kushika kitabu; waweza kuthibitisha badala ya kuapa, nayo ina uzito uleule, na uongo baada yake ni kosa lilelile. Ndoa ya kiserikali hufungwa bila shehe wala padri chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Penye kugusa zaidi ni mirathi: mali ya Mwislamu ikigawanywa kwa sheria ya Kiislamu, asiye Mwislamu harithi. Ila mwenye mali anaweza kuusia hadi theluthi moja kwa asiye mrithi. Sisemi hili kukutisha, nasema ulijue kabla hujatangaza lolote mbele ya mashahidi.

Fomu yenye mstari wa "Dini" usiandike "agnostiki". Karani hataelewa, na mstari ule hauulizi unajua nini. Ama uandike dini uliyolelewa, kama bado unaihesabu kuwa yako, ama uweke kistari.

Kaka yako mjibu hivi, kwa maneno yako: Mungu yupi unayemzungumzia, kama unamwamini au humwamini, na unaegemea wapi. Usimpelekee neno "agnostiki" mpaka amekwisha kusoma hayo matatu. Kwa bibi acha kwanza. Yeye hakuuliza unajua nini wala unaamini nini, ameuliza kama unakula, na jibu la hilo tunalisubiri wiki hii.

Baba yako